Bidoni ya Zaituni

Mtu akitaka kununua nyumba kwenye ziwa letu dogo la Kanzigiri, huku Giteranyi, mkoa wa Muyinga, haanzi kwa kuuliza bei. Anaanza kwa kupewa bidoni. Ni lile dumu la manjano la lita ishirini ambalo kila nyumba inalo, na anayelitoa ni Zaituni binti Mustafa, komisioneri. Ndivyo tunavyowaita hapa madalali. Anampeleka mgeni mpaka juu ya njia, anamwonyesha maji yanavyong'aa kule chini, halafu anamwambia, "Bon. Shuka, chota, panda. Ukifika hapa na maji, tutaongea."

Wengine hukataa. Kuna bwana mmoja alivuta suruali yake juu akasema yeye ni mkurugenzi. Zaituni akamjibu, "Ntaco, baba, hakuna neno. Hata mkurugenzi anaoga."

Naandika habari za mwanamke huyu kwa sababu wajukuu zangu wanakuja kwangu likizo, wanakula samaki wa ziwa hili mpaka wanalala mezani, wala hawajui ni nani aliyetufikisha hapa. Mimi nilisoma mpaka darasa la saba, na mwandiko wangu mpaka leo haunitii aibu. Basi niandike mwenyewe, nisimngoje msomi.

Zaituni alizaliwa Muyinga mjini, mtaa wa Waswahili. Baba yake alikuwa fundi cherehani. Akaolewa na Mahmudu, muuza vitenge. Vita ilipokuja, miaka ile ya tisini, duka likaungua, na Mahmudu naye akafa mwaka uliofuata kwa kifua. Zaituni akabaki na furushi la vitenge vilivyonusurika na baiskeli ya marehemu. Kuiendesha hakujua. Akaisukuma. Miaka kumi na miwili aliisukuma baiskeli ile kwenye vilima vyote vya Giteranyi, vitenge vimefungwa nyuma, kandambili miguuni, na hakuna ua asilolibishia hodi. Alijua nani amekimbia, nani amebaki, nani anakaa kwenye nyumba ya nani. Hakuandika popote. Alizikumbuka nyumba kwa vitenge: hii ya mama wa tausi, ile ya bi harusi aliyetaka kijani akapewa bluu.

Amani iliporudi, watu wa mijini wakaanza kutaka nyumba za kando ya maji. Wanatoka Gitega, wanatoka Bujumbura, wanasimama sokoni wanauliza, nani anauza kule ziwani? Kila anayeulizwa anajibu, muulizeni yule wa baiskeli. Hivyo ndivyo Zaituni alivyokuwa komisioneri, bila kuomba kazi kwa mtu.

Nyumba ya kwanza kabisa alimuuzia mama mmoja wa mjini, Josefina, mke wa muuza dawa. Alikuja mwezi wa nne, nyasi mbichi, ziwa limejaa, akanunua siku ileile bila kushuka hata mara moja kwenye maji. Baada ya miezi mitatu akamkuta Zaituni katikati ya soko la Muyinga.

"Mwizi wee! Uliniuzia maji ya kutazama!"

Bomba hakuna. Ziwa liko chini, na kupanda na maji ni jasho. Juu ya hayo kiboko alikuwa amepanda bustanini akamaliza viazi vitamu vyote. Zaituni hakubishana naye. Alimtafutia mnunuzi mwingine, na mnunuzi huyo ndiye wa kwanza kupewa bidoni.

"Macho inanunua haraka sana," aliniambia. "Mi nataka na shingo yake ikubali. Shingo haidanganyaka."

Akaweka sharti: anayefika juu na maji, wa kwanza, nyumba ni yake akiitaka, na hakuna kumgeukia mwingine hata aje na magari mawili. Tena hauzi nyumba iliyo karibu na maji kuliko serikali inavyoruhusu. Na la mwisho ndilo lililonifunga naye: hauzi nyumba ya mtu aliyeko Tanzania. Miaka ile wengi walikuwa bado hawajarudi, nyumba zao zinakaliwa na wengine, na komisioneri wengine waliziuza bila kupepesa jicho. Zaituni alikuwa na jibu moja tu: "Mwenyewe iko Tanzania. Mi siigusi."

Sasa niseme mimi naingia wapi.

Baba yangu, Nazario, alijenga nyumba ya matofali na vigae juu ya ziwa hili, akaigeuza mgongo uelekee ziwani kama walivyofanya wote. Upepo na mbu vinatoka kule. Nani aliweka dirisha huko? Mlango ulitazama kilimani. Mama alifariki mwaka wa sabini na moja, tukamzika chini kidogo ya nyumba, kando ya ua wa miyenzi, ile miti ambayo maziwa yake yakikuingia jichoni unaona nyota mchana. Mwaka uliofuata mauaji yakaja, tukakimbilia Tanzania. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Tulikulia Ngara, nikasoma huko nikiwa mrefu kuliko mwalimu, nikaolewa na Sebastiani, mkimbizi mwenzangu, mtu wa Ryansoro. Baba na kaka zangu wote wawili wamelala udongo wa Tanzania. Mwaka wa elfu mbili na nane sisi tukarudi, tukaenda Ryansoro, kilima cha mume wangu, mkoa wa Gitega. Ndiyo desturi, na sikulalamika.

Lakini mwaka uliofuata nilimwomba Sebastiani nauli, nikaja Giteranyi. Barabara zilikuwa zimehama. Watu wakaniambia, mngoje yule wa baiskeli. Akaja anaisukuma, vitenge nyuma, akanitazama kuanzia kilemba mpaka viatu.

"We ni wa nani?"

"Wa Nazario. Aliyekuwa na nyumba ya vigae juu ya ziwa."

Akaiachia baiskeli ikaanguka palepale na vitenge vyake. "Yoo! Wa Nazario! Ile nyumba nimekataa kuiuza mara mbili! Mara mbili, unasikia? Mutama anayeikaa alitaka, watoto wake walitaka, mi nikasema mwenyewe iko Tanzania." Akanishika mkono. "Na mulikuwa munachelewa, sha! Mi nimezeeka nawangojea."

Hatukuwa tumeonana hata siku moja.

Mutama, yaani mzee, ndiye huyo Gervasi. Serikali ya komuni ilimpa nyumba yetu mwaka wa sabini na nne, alipofika kutoka mbali na mke, mtoto mmoja na godoro moja. Hakumtoa mtu humo, aliikuta tupu. Alitoka mlangoni ameshika kofia kwa mikono miwili, kama aliyeitwa barazani kwa kesi. Nikamwambia mimi ni nani. Akanishusha mpaka kwenye miyenzi, nikaona kaburi la mama limezungushiwa mawe, limepaliwa, hakuna hata jani moja juu yake.

"Nilikuta kaburi, sikukuta jina," alisema. "Anaitwa nani?"

"Anisia. Kama mimi."

Hatua kumi kutoka hapo alikuwa amezikwa mke wake.

Watu waliniambia nenda ukashtaki, wakimbizi wanarudishiwa mashamba yao, utapata yote au utapata nusu. Ni kweli, wengi walipata, na haki ilikuwa yao. Mimi nilimtazama yule mzee na kofia yake. Sikutaka kurudi kwetu kwa kumtoa mtu nje na godoro lake. Nikamwambia, "Kaa, mzee. Siku ukichoka kukaa, niambie mimi kwanza."

"Nitakuambia wewe kwanza."

"Nimesikia," akasema Zaituni. "Mi ni shahidi."

Nikarudi Ryansoro. Ikapita miaka kumi na mitatu. Sebastiani akafariki. Nikahamia Gitega kwa mwanangu Godfrey, fundi seremala, nikilala chumba kimoja na mbao zake.

Mwanzoni mwa mwaka wa elfu mbili na ishirini na mbili Gervasi akanitumia habari: macho yamekwisha, binti yake Lucia anataka kumchukua akakae naye Muyinga mjini, nyumba inauzwa, na mimi ndiye wa kwanza kuambiwa. Nilikuwa na kiwanja Giheta, jirani na Gitega, mimi na marehemu tulikinunua kwa mahindi na maharage yetu. Nikasema nitakiuza, nije nilale kwa baba yangu.

Godfrey hakupenda. "Mama, watu wanatoka vilimani kuja Gitega, sasa ndiyo makao makuu. Wewe unataka kwenda kukaa na viboko?"

"Viboko nawajua," nikamwambia. "Majirani zako ndio siwajui."

Tatizo ni kwamba mnunuzi wa kiwanja changu alikuwa mtu wa leo-kesho. Mara karatasi haijapigwa muhuri, mara shemeji yake amesafiri. Na kule ziwani alikuwa amekwishatokea bwana mmoja wa Gitega, ana gari, watoto wa Gervasi wamempenda. Zaituni akanipigia mwezi wa tano.

"Mama Godfrey, nakungojea mpaka mwisho wa mwezi wa sita. Hapo mi nitakuwa nimekaa vizuri na wewe, nimekaa vizuri na Mungu. Ukipita, bidoni ni ya mwenye kuibeba."

"Hata mimi utanibebesha?"

"Aah! Kwani we hauna shingo?"

Mwezi wa sita ukaisha. Mnunuzi wangu akaja tarehe mbili ya mwezi wa saba, anatabasamu kama aliyewahi. Tukamalizana, nikampa karatasi. Asubuhi ya tarehe tatu, ninafunga mzigo wangu niende Giteranyi, simu ikalia. Ujumbe. Ulikuwa hivi, naukumbuka neno kwa neno:

"Mama Godfrey salamu. Mutu wa Gitega jana iko anabeba bidoni ya Zaituni. Usikasirike. Ni mimi Gervasi."

Niliusoma mara tatu. Jana. Jana wakati mimi natia sahihi Giheta, mtu mwingine alikuwa anapanda na maji kwenye njia ya nyumba yetu. Na kwa Zaituni ukishafika juu na bidoni umefika.

Nikampigia Gervasi, simu imezimwa. Anaichajia kituo cha biashara, na siku nyingine anaisahau huko. Zaituni simu yake ilikuwa imezama ziwani wiki mbili kabla, alipoinama kumwonyesha mnunuzi namna ya kuchota. Nikakaa kitandani katikati ya mbao. Nilikuwa nimeuza kiwanja changu, na nyumba imekwenda. Mtu wa miaka sitini na mitatu, mzaliwa wa Giteranyi, mke wa Ryansoro, mkazi wa Gitega, hana mahali hata pamoja pa kusema ni kwangu.

Godfrey alisimama mlangoni ameshika randa yake. "Mama, basi. Tutajenga chumba kingine hapahapa."

"Naenda."

"Unaenda kufanya nini, na nyumba imeshachukuliwa?"

"Kuna jiwe la mama la kusagia. Liko nyuma ya nyumba. Mwenye gari atalitia kwenye msingi wa baraza lake."

"Jiwe, mama?"

"Jiwe."

Alinibebea mzigo mpaka stendi. Najua alifikiri nimechanganyikiwa. Mafuta yalikuwa ya shida mwaka ule, na gari la Muyinga lilijaza watu mpaka nikashuka nimekunjika kama hati. Kutoka Muyinga nikapata motari, mtu wa pikipiki, akanishusha mwanzo wa kilima. Ilikuwa saa tisa mchana. Nilipanda polepole nikijifunza maneno ya kumwambia Gervasi. Nilitaka yawe ya heshima lakini yamchome kidogo.

Nilimkuta mlangoni anamenya maharage kwa mikono, macho yake yametazama kilimani pasipo kuona.

"Amahoro, mzee."

Aliijua sauti. "Binti wa Nazario! Umekuja! Kaa, kaa. Zaituni yuko chini."

Sikukaa. "Nimekuja kuchukua jiwe la mama yangu."

"Jiwe? Unalipeleka wapi?"

"Gitega. Nyumba si imekwenda?"

"Imekwenda wapi?"

"Mzee, usinichezee, nimetoka mbali. Umeniandikia mwenyewe. Yule bwana jana amebeba bidoni."

"Ego, ndiyo," akasema, anachambua maharage. "Anabeba jana. Iko anakuja saa tatu, na gari yake. Ndiyo maana niliandikisha upesi kwa mtoto wa kituoni, kila neno langu, nikasema huyu mama akimbie."

Nikamtazama. Nikafikiri macho yamekwisha na akili nayo imeanza.

"Mzee. Jana ni lini?"

"Jana si hii inakuja? Tukilala, tukiamka."

Nyuma ya nyumba kulikuwa na kicheko. Zaituni alitokea kwenye kona na bidoni yake tupu mkononi, kanga imemporomoka, machozi yanamtoka. Alikuwa amesikia yote. "Mutama! We mutama utaniua! Ile inakuja ni kesho! Jana ni ile imepita!"

"Si ni moja?" akasema Gervasi, ametulia kabisa. "Ejo ni ejo."

Asiyejua Kirundi nimweleze. Katika Kirundi siku iliyopita na siku inayokuja zina jina moja: zote ni ejo. Kitenzi ndicho kinachokuonyesha inatazama upande gani. Na Gervasi, ambaye Kiswahili chake ni cha soko la Muyinga, maisha yake yote aliamini kwamba jana na kesho ni majina mawili ya kitu kilekile, kama vile mtu kuitwa Gervasi na kuitwa baba Lucia. Angeniandikia Kirundi isingetokea. Lakini alijua kalamu nimeishikia Tanzania, akataka kuniheshimu, akaandika Kiswahili.

"Sasa kwa nini ukachukua jana?" Zaituni alimuuliza, bado anajifuta.

"Nilichagua ile tamu. Kesho inakwaruza koo."

Nilizunguka kona nikitafuta pa kukaa, nikakaa kwenye kitu kigumu cha baridi kando ya ukuta, na nilipoweka mkono nikajua nimekalia nini. Jiwe lilikuwa palepale alipoliacha mama, limechimbika katikati kwa mikono yake. Nililia, sikujificha, na katikati ya kulia nikaanza kucheka, na Gervasi akacheka kwa kutusikia tunacheka.

Zaituni alinipa muda wangu. Halafu akaiweka bidoni mbele ya miguu yangu.

"Bon. Umelia, umecheka. Hii hapa."

"Zaituni, mimi nimezaliwa hapa!"

"Bidoni haijui."

"Nimechota maji ya ziwa hili kabla wewe hujajua kufunga kanga!"

"Hata sasa sijui, ona inavyoanguka." Akaifunga upya, akachuchumaa mbele yangu, sauti ikawa ya chini. "Mama Godfrey, sikiliza. Yule bwana akija kesho, kesho ile ya kweli, nitamwambia nini? Kwamba rafiki yangu hakubeba? Watasema Zaituni iko na bidoni mbili, moja ya wageni na moja ya marafiki. Nyumba ngapi nimekataa kuuza ili watu waniamini? Ya kwako mara mbili. We jaza unavyoweza. Mi naangalia kurudi, siangalii lita."

Ningeweza kununa. Nilikuwa nimekwishaanza kununa. Lakini kama si ukaidi huohuo, nyumba ile ingeuzwa zamani, mimi nikiwa bado Ngara napalilia mahindi ya watu. Nikavua viatu.

Ni hatua mia mbili na kitu kutoka nyumbani mpaka majini. Njia ilikuwa imehamia kulia, kwa sababu mafunjo yamekula sehemu tuliyokuwa tunasimama sisi watoto, lakini harufu ilikuwa ileile, ya tope na samaki na kitu kama mkate. Nikaingia maji mpaka magotini. Nikajaza nusu, nikatazama juu, nikaongeza kidogo. Jeuri tu. Nikasokota ngata kwa majani makavu ya mgomba. Hakukuwa na wa kunitwisha, nikapiga magoti kama alivyonifundisha mama, nikaipandisha pajani, kutoka pajani begani, kutoka begani kichwani. Nikasimama.

Shingo ilikumbuka. Magoti ndiyo yalisahau. Nilipofika katikati nilitaka kuitua, nikajua nikiitua sitaipandisha tena. Kule juu nikasikia sauti ya Gervasi.

"Kushoto! Pita kushoto! Kulia kunateleza!"

Haoni, lakini njia ile ameipita miaka arobaini na minane. Nikapita kushoto. Maji yananimwagikia mgongoni, baridi, na mimi nakwenda nahesabu miyenzi, mmoja, mwingine, mwingine, mpaka kaburi la mama, mpaka ukuta usio na dirisha, mpaka kwenye vidole vya Zaituni.

Aliipokea kwa mikono miwili, akaitikisa kusikia.

"Imefika," akasema. "Karibu kwako."

Gervasi akanyoosha bakuli lake. "Basi hayo maji tupikie maharage. Mi nina njaa."

Asubuhi iliyofuata bwana wa Gitega akaja kweli, saa tatu, na gari yake. Nilikuwa nimemchukia njia nzima kutoka Gitega, nikamtengenezea kichwani mwangu tumbo kubwa na miwani. Akashuka kijana mwembamba, Egidius, mwalimu wa sekondari. Gari lenyewe limefungwa mlango mmoja kwa kamba. Zaituni akamwambia wazi: nyumba imechukuliwa, aliyeichukua ni huyu, amebeba, alizaliwa humu. Nikajiandaa kwa maneno.

Egidius akaja mbele yangu akainama. "Shikamoo, mama."

Huku kwetu hakuna anayesema shikamoo. "Marahaba," nikajibu, kwa mshangao. "Umekulia wapi wewe?"

"Kibondo, mama. Kambini."

Zaituni hajawahi kukaa kimya penye mnunuzi. Kulikuwa na nyumba ya Simoni, nyumba tatu mbele kufuata ziwa, imesimama mwaka mzima bila mtu. Egidius alivua viatu vyake vyeusi, akakunja suruali, akashuka akajaza bidoni mpaka mdomoni, akapanda nayo kichwani, mikono iko mifukoni, anapiga mluzi. Zaituni alibaki mdomo wazi.

"Kambini nilikuwa nabeba mbili," akasema.

Wazee wa kilima wakaja kushuhudia, wakaufuata mpaka wa kiwanja kwa miguu, mti kwa mti, mimi upande mmoja na Gervasi ameshikwa mkono upande wa pili. Walipomaliza wakanywa pombe ya ndizi kama ilivyo desturi, na Zaituni akanywa chai yake, ameweka bidoni katikati ya miguu asije mtu akaitia kitu kingine. Gervasi alikaa nami mpaka maharage yaliyobaki shambani yakavunwa, maana aliyapanda yeye. Ndipo Lucia akaja kumchukua. Sisi wawili tulikubaliana juu ya makaburi: anayebaki ndiye anapalia yote mawili. Napalia.

Egidius alitoboa dirisha kubwa upande wa ziwa, akaniambia atanitumia mwashi wake na mimi nitoboe. Nikamshukuru. Ziwa nitalitazama nikishuka kuchota.

Na Zaituni bado anafanya kazi yake. Goti moja halimtii tena, na baiskeli amempa mjukuu wake Fatouma, ambaye anaiendesha. Siku akileta mnunuzi anapita kwangu kwanza kuomba ngata, tunakaa nyuma ya nyumba, yeye kwenye kigoda, mimi kwenye jiwe la mama, tunamtazama mtu wa mjini anavyoshuka akiimba na anavyopanda amenyamaza.

Juzi tulikuwa tumekaa hivyohivyo, simu yangu ikalia. Nikasoma kwa sauti, maana Zaituni hakuwa na miwani: "Mama Godfrey salamu. Jana nakuja na Lucia kusalimia nyumba. Ni mimi Gervasi."

Zaituni alivuta kanga yake akasimama, ameshika ukuta.

"Jana," akasema. "Bon. Tuloweke maharage."